Bi Pimbi Kakiteka Kiti cha Enzi

Paukwa!

—Pakawa!

Loo, sauti za wenye njaa hizo. Paukwa!

—Pakawaaa!

Hapo sawa. Paliondokea mfalme, akaacha kiti. Kiti kikazaa ugomvi, ugomvi ukazaa vita, na vita vikapita shambani kwa watu.

Mfalme Tembo alikufa bila mtoto. Kifaru akasema, "Kiti changu! Mimi ni ndugu yake kwa baba." Nyati akasema, "Kiti changu! Mimi ni ndugu yake kwa mama." Msiniulize tembo alipataje ndugu kifaru na ndugu nyati. Mambo ya kifalme hayo, hayaulizwi. Kila mmoja akakusanya ukoo wake, wakaanza kupigana.

Sasa, katikati ya koo hizo mbili palikuwa na shamba la mtama. La nani? La Bi Pimbi, mfupi wa kimo, mrefu wa maneno. Akipanda, vifaru wanapita, gubu! gubu! gubu! Mtama chini. Akipanda tena, nyati wanapita, kwatu! kwatu! kwatu! Mtama chini. Watoto wake wakawa wanalala na njaa. Bi Pimbi akalia, akafuta machozi, akakasirika.

"Wanasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi," akasema. "Mimi si nyasi. Nyasi hazina watoto."

Ikafika siku ya kuondoa matanga ya mfalme. Matangani hakuna kupigana, hiyo ni mila. Na mila nyingine ni hii: Kigong'ota, mpiga ngoma wa mfalme, akiigonga ngoma kuu, aliye kitini ndiye mfalme, na hakuna wa kumtoa. Basi Kifaru kasimama kulia kwa kiti, Nyati kasimama kushoto, macho yamewatoka pima. Kigong'ota akanyoosha mdomo wake mrefu. Kabla hajagonga, kitu kidogo kikaruka, twii! Bi Pimbi huyo, kitini, kakunja nne.

"Shuka!" akafoka Kifaru.

"Sishuki, mtani wangu."

"Shuka!" akafoka Nyati.

"Sishuki, mtani wangu. Au mmesahau? Pimbi ni mtani wa vifaru, pimbi ni mtani wa nyati. Mtani akiteka kitu matangani hafukuzwi, hapigwi, hakasirikiwi. Kitu kinakombolewa. Nimekiteka kiti. Kikomboeni!"

Wote wakamgeukia Kigong'ota. Kigong'ota akakuna kichwa. "Mila ni mila. Na matanga hayaishi mpaka kiti kikombolewe."

Kifaru akameza hasira zake. "Haya, mtani. Unataka nini?"

"Shamba langu limekuwa gumu kwa miguu yenu. Lilime."

Kifaru akaita ukoo wake. Wakalima kwa pembe, fwaa! fwaa! Wakarudi wanachuruzika jasho. "Tumelima. Shuka!"

"Ahsante, mtani. Lakini Nyati hajatoa kitu. Nikishuka sasa, atasema nimekupendelea."

Nyati akaja mbio. "Nataka kukomboa! Nifanye nini?"

"Kifaru kalima. Wewe panda."

Nyati wakapanda, kwatu! kwatu! Kila kwato shimo, kila shimo mbegu. "Tumepanda. Shuka!"

"Ahsante, mtani. Lakini sasa Kifaru atanuna."

Kifaru akapalilia. Shuka! Sishuki. Nyati akafukuza ndege. Shuka! Sishuki. Bi Pimbi akila kitini, akilala kitini, mashavu yanajaa. Vijana wa koo mbili wakawa wanaimba pamoja shambani, na jioni hawakuwa na nguvu ya kupigana hata na inzi. Mtama ukaiva, watoto wa Bi Pimbi wakashiba ndi! Mama yao akawatazama akafurahi mno.

Lakini mavuno yalipokwisha, kijasho chembamba kikamtoka. Hakuwa na kazi nyingine ya kuwapa. Akishuka, mmoja atakalia kiti, mwingine atakataa, na vita vitapita tena shambani. Akamwita Kifaru, akamnong'oneza, "Mtani, siri yako hii. Sisi pimbi tunaogopa ngoma. Ikilia tu, naruka mpaka majabalini. Kaa karibu." Kifaru akaondoka anachekelea. Akamwita Nyati, akamnong'oneza vilevile. Nyati naye akaondoka anachekelea.

Na kwa mara ya kwanza tangu mfalme afe, Kifaru na Nyati wakasema neno moja: "Piga ngoma!"

"Mna hakika?" akauliza Kigong'ota. "Maana aliye kitini—"

"Piga!"

Ko-ko-ko-ko-ko! Bi Pimbi akatetemeka mwili mzima. Hofu ya ngoma haikuwa uongo. Ila nyayo za pimbi hunata kwenye jiwe, na kiti kilikuwa cha jiwe. Akanata. Kifaru akaruka, Nyati akaruka, pembe zikagongana, paa! Wakaanguka matako chini mbele ya kiti.

Kigong'ota akainama. "Mfalme ndiye huyo. Bi Pimbi."

Kifaru akamtazama Nyati, moyoni akasema, "Afadhali yeye kuliko huyu." Nyati akamtazama Kifaru, moyoni akasema, "Afadhali yeye kuliko huyu." Basi wakashangilia, tena hao wawili kwa sauti kuliko wote! Ngoma ikachezwa, mtama ukaliwa, vifaru wakacheza na nyati mpaka vumbi likafunika jua.

Amri ya kwanza ya mfalme mpya ilikuwa fupi: "Njia ni kule, ukingoni mwa shamba."

Mmejifunza nini, wanangu? Mjifunze kwamba mtoto mwema hakalii kiti cha wakubwa, akiambiwa shuka anashuka papo hapo, na shamba lake analilima kwa mikono yake mwenyewe.

Hadithi nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kifaru.