Kitambaa cha Mkwe

Hapo zamani, wala si zamani ya kuchosha, kompyuta ikiwa bado na sanduku lake chini ya meza, palikuwa na nyumba moja Muheza iliyofiwa. Mwanaidi alikufa akamwacha binti wa miaka sita, Tatu, na ndani ya kompyuta akaacha sauti yake akimwimbia. Nakala nyingine hakuna. Kila alasiri mtoto husikiliza, ndipo hula.

Bibi yake, Bi Kilua, aliiona mashine ile kama mwanawe aliyerudi. Akaifumia kitambaa cha maua, kama cha redio, kikalifunika sanduku mbele na nyuma lisiingie vumbi. Majirani wakaja kukitazama, naye akakaa papo hapo asifiwe!

Fundi akamwonya baba mtoto, Shekue: "Hii hupumua kwa nyuma. Usiizibe. Na joto hili, iwekee feni."

Shekue akaleta feni. Kuhusu kitambaa, kimya. Mkwe utamwambiaje?

Ukaingia mwezi wa pili, bati linalia kwa jua. Tatu akashikwa na homa. Nuru, mama yake mdogo, akaihamisha feni kitandani. Mtoto akalilia sauti, Nuru akamfungulia. Akaiacha irudie, irudie, mpaka ikanuka kuungua. Kioo kikawa cheusi.

Fundi alifungua, akatikisa kichwa. "Kilichokuwamo kimekwenda."

Bi Kilua akakishika kitambaa. Bado kilikuwa cha moto.

"Mlijua kuwa haizibwi?" akauliza.

"Nilijua, mama," Shekue akasema, macho chini. "Lakini mimi nimvue mkwe wangu kitambaa? Mji mzima ungenicheka."

"Heshima yako imemuua dada mara ya pili!" Nuru akafoka.

"Na wewe uliyeondoa feni?"

"Nimwache mtoto aungue, mashine ipepewe? Fundi alikuambia wewe, hukutuambia sisi."

"Nyamazeni," Bi Kilua akasema. "Nimemziba pumzi kwa mkono wangu, na sifa nikala."

Kutoka chumbani Tatu akaita, "Bibi! Mbona mama amenyamaza?"

Watatu wakatazamana. Asiyejua akafunika, aliyejua akanyamaza, aliyempenda aliye hai akamwacha aliyekufa. Na mtoto anangoja, bakuli la uji limepoa.

Haya, nyie mahodari wa kusema ya watu: je, nani alistahili kuingia kumwambia?