Yowe la Vilima Vitatu

Mwitikia yowe kwanza hunyamaza. Mlipoisikia methali hii asubuhi kwenye mafunzo ya uokoaji mlicheka, na Elinazi akauliza mtu anaitikiaje huku amefunga mdomo. Swali lake ni la haki. Nitawaeleza chanzo chake kama nilivyokipokea kwa bibi yangu na kaka yake, nikiacha yale ambayo wao wenyewe hawakukubaliana juu yake.

Zamani, katika milima ya Upare, palikuwa na bonde lililozungukwa na vilima vitatu. Watu wa huko walikuwa na sheria moja ya hatari: ukisikia yowe, lipokee, ulipige kwa nguvu zako zote ili kilima cha pili kisikie, nacho kikipelekee cha tatu, kisha ukimbie kusaidia. Kunyamaza wakati yowe linalia kulihesabiwa kuwa ukatili, karibu sawa na kumsukuma mtu korongoni. Sheria hiyo ilifaa palipotokea moto au wizi wa ng'ombe, kwa kuwa moshi na vumbi huonekana kwa mbali. Ilikuwa haijajaribiwa kwenye ukungu.

Masika moja mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi moja, ukungu ukiwa mzito kiasi cha mtu kutoona mwisho wa shamba lake, udongo ulikatika kwenye kilima cha kaskazini, ukaiangukia nyumba ya Nakiete, mjane aliyeishi peke yake. Ukuta ulimlalia miguu. Alipiga yowe moja. Kabla ya kupiga la pili tope lilikuwa limembana kifua. Jirani wa ng'ambo alilisikia bila kujua limetoka wapi, akafanya kama alivyofundishwa: akalipokea. Muda si muda vilima vyote vitatu vilikuwa vinalia.

Mkuu wa vijana wa bonde hilo aliitwa Kajiru. Kwa masikio yake yowe lilitoka kilima cha mashariki, alikoolewa dada yake Namsifu, ambaye alikuwa amejifungua juzijuzi. Hakutaka ushahidi mwingine. Aliwaongoza wenzake mbio, wakiteleza na kuinuka, hadi kwa dada yake. Walimkuta mlangoni, mtoto kifuani, akipiga yowe kuliko mtu yeyote.

"Umepatwa na nini?" Kajiru akauliza.

"Mimi? Nawaitikia ninyi, kaka."

Wakageuka. Kwenye daraja la magogo wakakutana uso kwa uso na watu wa kilima cha magharibi, wakiongozwa na Mzee Mgonja, wamebeba kamba na majembe, wakielekea huko huko wenzao walikotoka. Kila kundi liliuliza jingine nani amekufa. Mmoja akasema ni mtoni, mwingine akasema ng'ombe wameibwa, wa tatu akaapa amesikia jina, ila amelisahau. Mtani mmoja akashauri waende kwake, maana huko angalau kuna uji. Yowe likalia tena nyuma yao. Nusu ya watu wakalikimbilia, kisha wakarudi, kwa sababu sasa lilikuwa linalia mbele.

Kajiru akasimama katikati ya daraja. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijiuliza anajua nini. Alijua kuwa watu wanapiga kelele. Zaidi ya hapo hakujua lolote.

"Nyamazeni," akasema.

Mzee Mgonja alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwenzetu anakufa huko, nawe unatuziba midomo?"

"Huko wapi, baba?"

Mzee akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha upande mwingine.

"Yowe hili ni letu," Kajiru akasema. "Tunajiitikia wenyewe."

"Utajibu barazani."

"Nitajibu, baba. Kwa sasa nyamaza nawe."

Wakanyamaza, wengine kwa hasira. Kilima cha mashariki kilipokosa cha kuitikia, kikanyamaza. Cha kaskazini kikafuata. Mwanzoni ilisikika mvua tu. Kisha, kutoka upande ambao hakuna aliyeutaja, ukaja mlio hafifu wa jiwe likigonga chuma. Uliacha, ukaanza tena.

"Kwa Nakiete," mtu akanong'ona.

Vijana walitaka kupanda moja kwa moja. Kajiru akawazuia, akatazama kijito kinachoshuka kutoka huko. Maji yalikuwa mazito kama uji wa ulezi na yalibeba migomba iliyong'oka na majani mabichi. Maana yake mlima ulikuwa bado unakatika. Akawapitisha mgongoni mwa kilima, mbali na kijito, njia ndefu, na walipofika akamteua mmoja asimame kando, asishike jembe, kazi yake iwe kuutazama mteremko tu. Wenzake walimwita mvivu, wakachimba. Walikuwa ndio kwanza wamemtoa Nakiete, wamemlaza kwenye blanketi, yule mvivu alipowaambia waondoke. Waliondoka naye. Tope lilishuka likajaza shimo walilokuwa wamesimama ndani yake.

Baraza lilikaa mvua zilipokatika. Mzee Mgonja alimshtaki Kajiru kwa kuua yowe mwenye nalo akiwa hai. Kajiru hakukana. Nakiete, aliyeletwa amebebwa juu ya kitanda, mguu umefungwa vijiti, akaomba kusema.

"Nilianza kuligonga jembe langu kwa jiwe kabla hamjafika kwa Namsifu," alisema. "Niligonga hadi mkono ukafa ganzi. Nami nilikuwa nawasikia, vilima vyote vitatu. Mliniitikia vizuri sana. Nikajua nitakufa huku naitikiwa."

Mzee Mgonja aliinuka na kuiondoa kesi. Akaagiza kuwa kuanzia siku hiyo yowe lipokewe mara moja, kisha kila mtu afunge mdomo na kutega masikio mpaka lijulikane limetoka wapi, ndipo miguu itumwe. Kijana mmoja akadai hajaelewa. Mzee, kwa shingo upande, akamfupishia:

"Mwitikia yowe kwanza hunyamaza."