Nyumba ya Pweza Iliyopakwa Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Sema wewe, masikio ni yetu!

Palikuwa na jiwe.

Jiwe gani?

Jiwe linalokula, jiwe linalozaa, jiwe linalokufa.

Jiwe hilo hatulijui!

Basi kaeni niwajulishe. Na wewe kule nyuma, ukisinzia usije kesho ukaniambia nimekuhadithia nusu.

Hapo kale, kulikuwa na kijiji kikiitwa Jiweni. Mbele ya kijiji palikuwa na bahari, na ndani ya bahari palikuwa na mwamba. Mwamba wenyewe ulikuwa wa matumbawe, yale mawe hai yenye rangi za kila namna, na samaki wakiingia humo na kutoka kama watu sokoni. Wimbi likija kutoka bahari kuu na hasira zake, linaupiga mwamba, linavunjika. Likifika pwani limeshakuwa pole, linalamba nyayo za watoto tu.

Watu wa Jiweni walikuwa wema, siwasingizii. Lakini walikuwa na ugonjwa mmoja: walipenda nyumba nyeupe. Hakuna posa iliyokubaliwa kama nyumba ya kijana haijapakwa chokaa. Mama wa binti anakwenda, anapitisha kidole ukutani, anakitazama. Kidole kikitoka cheupe, "Karibuni." Kidole kikitoka na udongo, "Binti yetu bado mdogo." Binti mwenyewe anaitwa shangazi na nusu ya kijiji, lakini siku hiyo ni mdogo.

Na chokaa ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mwamba. Maji yakipwa wanaume wanakwenda na mitarimbo, wanabomoa matumbawe, wanayapanga juu ya magogo, wanayachoma tanuuni mpaka yanakuwa unga.

Fundi wa tanuu alikuwa Makame, mtu mpole, maneno yake machache. Mkewe aliitwa Mize, mkulima wa mwani. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Faki, na homa ikamchukua angali anajifunza kutembea. Wakamzika makaburini, pale karibu na ufukwe. Makame akalijengea kaburi ukingo mdogo, akaupaka chokaa, ukawa mweupe pepepe. Hata baada ya hapo waliitana Mama Faki na Baba Faki, kama kwamba mtoto yuko uani anacheza.

Ikawa hivyo. Mwamba ukapungua, kijiji kikazidi kung'aa. Wimbi likapata njia. Likaja mara ya kwanza, likachukua minazi. Likaja mara ya pili, likachukua njia ya pwani. Likaja mara ya tatu, likaingia makaburini, likala safu ya mbele. Sasa kaburi lililotazamana na bahari likawa kaburi la Faki.

Mize akaenda akasimama pale, akapima kwa macho. Alikwisha kumpoteza mwanawe mara moja. Hakuwa na nguvu za kumpoteza mara ya pili.

Asubuhi moja maji yakapwa. Mize akatwaa fimbo yake ya kuchokolea pweza, akaenda zake. Akatafuta shimo hapa, hakuna. Akatafuta pale, hakuna. Akatafuta kule, akakuta chungu kilichovunjika, na ndani ya chungu pweza amejikunyata.

"Usinichokoe, mama," akasema Pweza. "Anachokolewa mwenye shimo. Mimi niko nje, kama unavyoniona."

"Nyumba yako iko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Nyumba yangu umeipaka ukutani. Chumba changu kiko kwenye ukumbi wako. Ukumbi wangu uko kwa jirani yako. Na mlango wangu..." Pweza akajikunyata zaidi. "Mlango wangu uko kwenye kaburi la mwanao."

Mize akakaa chini, papo hapo majini, kanga yote ikalowa. Akalia mpaka Pweza naye akaona haya.

"Basi, mama, basi. Kule mbali kuna kisiwa kidogo, na nyuma yake matumbawe yangali hai. Wimbi huyavunja vipande, vipande huanguka mchangani. Usikate kilichosimama. Okota kilichoanguka, kilete hapa, kifunge juu ya jiwe mpaka kishike."

"Halafu?"

"Halafu ungoje."

"Ningoje mpaka lini?"

"Ah, nyinyi watu! Mlipokuwa mnabomoa hamkuuliza mpaka lini."

Mize akarudi nyumbani. "Baba Faki, zima tanuu."

"Mama Faki, nikizima tanuu tutakula nini?"

"Na bahari ikimchukua mwanetu, utakula nini kikashuka?"

Makame akainuka. Akachota maji, akamwagia tanuu. Likatoa moshi mweupe, likanyamaza.

Mize akaanza kupita mlango kwa mlango. Hakuwa na cha kumpa mtu. Alisema tu, "Njooni mnisaidie, njooni na mikono yenu."

Akabisha nyumba ya kwanza, nyumba ya Bikombo. Bikombo alikuwa mwanamke mwenye ulimi, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa nyeupe kuliko zote. Akacheka akishika mbavu. "Kupanda mawe! Na ukivuna utapika kokoto za nazi?"

Akabisha nyumba ya pili. Wakamwambia, "Tungekuja, lakini tuna kazi." Nao walikuwa wamelala barazani.

Akaenda kwa mara ya tatu, kwa wanawake wenzake wa mwani. Hao hawakumwuliza sana. Wakachukua kamba zao, wakachukua vigingi vyao, wakamfuata.

Wakaokota vipande nyuma ya kisiwa, wakavifunga kwenye kamba na kwenye mawe kama wanavyofunga mwani, na Makame akichimbia vigingi. Wakaimba:

*Funga, usikaze,*
*Shusha, usitupe,*
*Ngoja, usichoke.*

Imbeni nami, mbona mmekaa kama mmemeza maji? *Funga, usikaze. Shusha, usitupe. Ngoja, usichoke.* Haya.

Sasa sikilizeni kosa lao, na kosa hili asingelifanya mtu mwingine ila mkulima wa mwani. Mkulima wa mwani ana adui mmoja duniani, na adui huyo ni samaki chafi. Chafi anapenda mwani kama wewe unavyopenda biriani ya watu. Wewe umepanda, yeye anavuna. Kwa hiyo wanawake wale walipowaona chafi wakizunguka matumbawe yao, damu ikawachemka. Wakashika makuti, wakapiga maji, pwa! pwa! pwa! "Tokeni, wezi wakubwa!" Chafi wakakimbia.

Baada ya muda matumbawe yakaota majani mabichi, mengi, marefu. Wanawake wakafurahi, wakasema shamba limestawi. Kumbe yale majani yalikuwa yanayaziba pumzi. Walipoyapangusa wakakuta matumbawe yamekufa, meupe kama chokaa ileile.

Wakapanda mara ya pili. Wakaona labda hawakuwafukuza chafi vya kutosha. Wakaweka zamu, wakapiga maji kutwa. Matumbawe yakafa tena. Bikombo akawa na habari ya kusimulia kisimani.

Wakapanda mara ya tatu. Mize akainua kuti apige, na chafi mmoja mzee, mwenye kovu ubavuni, akakataa kukimbia.

"Piga," akasema Chafi. "Piga, nife, nipumzike. Sijaona watu wanaomtwanga mfagiaji halafu wakalalamika nyumba chafu."

"Mfagiaji nani? Wewe mwizi wa mwani!"

"Mwani wenu nimekula, sikatai. Ulikuwa mtamu. Lakini hapa kwenye matumbawe hakuna mwani. Hapa nakula majani yanayoyaziba. Mkinifukuza, nani atayatoa? Nyinyi? Mna meno?"

Mize akateremsha kuti. Akafikiri. Akaona aibu, maana aliyemfukuza siku zote ndiye aliyekuwa akimtafuta.

"Sema unachotaka, Chafi."

"Nataka madema yenu ya kunasia samaki msiyatege hapa. Hapa tukae kwa amani, sisi na watoto wetu. Na nataka mwani, kidogo, wa kuonja."

Wanawake wakapiga kelele. "Mwani! Mwani wetu wa jasho! Chafi huyu kichaa!"

Mize akasema, "Wenu usiguswe. Nyinyi chafi, chukueni kamba zangu za ukingoni."

Kamba zile zilikuwa nusu ya shamba lake. Wakamtazama, wakashusha makuti. Chafi wakarudi, wakafagia asubuhi, wakafagia mchana, wakafagia jioni. Na vipande vikashika mawe. Vikatoa vidole vidogo, vikabadilika rangi. Kaa wakahamia, na yule Pweza akaacha chungu chake.

Lakini jiwe hai halikui kama mwani. Linakua polepole, polepole mno, na bahari haikupewa habari kwamba Mize anangoja. Upepo wa kusi ukavuma. Likaja bamvua, maji makubwa ambayo kijiji hakijapata kuyaona. Yakapita juu ya matumbawe madogo, yakapanda makaburini. Yaliporudi, kaburi la Faki halikuwepo. Wala ukingo, wala chokaa, wala dalili kwamba palikuwa na mtoto.

Nyumba ya Mize ikatandikwa mikeka kama siku ya msiba ule wa kwanza. Watu wakaja, hata Bikombo akaja, akaketi karibu na mlango. Wakanong'ona, "Masikini Mize. Sasa ataacha. Alichokuwa anakilinda kimekwenda."

Siku ya tatu ya msiba maji yakapwa. Mize akainuka mkekani, akajifunga kanga kibwebwe, akachukua kamba zake.

Makame akauliza, "Mama Faki, unakwenda wapi?"

"Kupanda."

"Mke wangu, kaburi limekwisha kwenda."

"La Faki limekwenda," Mize akasema, akikaza kibwebwe chake. "Sasa kaburi linalotazamana na bahari ni la mama yake Bikombo."

Watu wakageuka kumtazama Bikombo. Mize akatoka. Makame akatoka nyuma yake.

Bikombo akabaki ameketi. Akatazama mikono yake. Halafu akainuka, hakuaga mtu, akashuka pwani, akaingia majini na nguo zake nzuri za msibani. Ulimi wake wote siku ile ulikuwa na maneno mawili tu.

"Nifunge wapi?"

Mize akampa kipande cha tumbawe, kidogo, kinaenea kiganjani. "Hapa. Usikaze."

Kisha wakaja wale wa nyumba ya pili, waliokuwa na kazi. Kisha wakaja vijana wenye posa zao. Kisha wakaja mama zao. Mitarimbo ikaachwa ikaota kutu, nyumba za Jiweni zikabaki na rangi ya udongo, na mabinti wakaolewa hivyohivyo. Mize akazeeka akiwa majini.

Na mwamba ukainuka. Wimbi likaja na hasira zake, likaupiga, likavunjika. Kaburi la mama yake Bikombo lipo mpaka leo.

Fundisho, wasikilizaji wangu: ukimlindia mwenzio kitu ambacho wewe kimekwisha kukupotea, hapo ndipo unaitwa mtu. Na kabla hujamfukuza jirani, ulizia kwanza anafanya kazi gani.

Mimi nilipita Jiweni juzijuzi. Nikawaomba chafi wa kukaanga, mmoja tu, mdogo. Wakanitazama kama nimetukana wazee. Wakanipa muhogo na mchicha, nikala, nikashukuru, nikaondoka kabla hawajanipa kamba na kigingi.

Hadithi imefika nchi kavu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaitia chumvi.