Tope na Utupa

Kila asubuhi Firdausi alifuta meza ya maabara pale Kibaha, akasoma kipimajoto cha jokofu, kisha akampigia simu bibi yake, Bibi Biubwa wa Kisarawe, kumwamkia. Waliongea habari za kuku na mihogo, wakaagana. Jumanne ile bibi hakungoja hata shikamoo imalizike.

"Pazi amekataa tena, mjukuu wangu. Jumamosi tuna maulidi hapa, naye anasema hali wali wa mtia utupa."

Mzee Pazi alikuwa kaka wa bibi, mvuvi wa zamani aliyekuwa akiishi kwa mwanawe Visiga. Enzi za uvuvi wake, bibi na mumewe, Mzee Mwinjuma, walikaa jirani naye kando ya hori moja ya bahari. Asubuhi moja samaki walikutwa wakielea, wamekufa tele. Siku hiyohiyo Mwinjuma alionekana akitwanga majani ya utupa ili awaogeshe mbuzi wake waliojaa kupe. Utupa huua samaki pia, basi Pazi akatangaza kwamba shemeji yake ndiye aliyeua hori. Mwinjuma alikana mara moja tu, kisha akafunga kinywa kama chaza, akahamia Kisarawe kulima. Tangu hapo Pazi hakukanyaga kwa dada yake.

Firdausi naye alikuwa mpole, sauti yake ndogo kama ya kifaranga. Lakini ofisi ilipotafuta hori ya kuchukua tope la utafiti, yeye ndiye aliyeandika jina la hori ile. Hakuna aliyemwuliza sababu. Sasa bomba lililochomekwa huko na kujaa tope lilikuwa mezani, limepasuliwa kwa urefu. Akampigia Mzee Pazi, akamwomba aje alione.

Mzee alifika Alhamisi. "Nimetoka Visiga kuja kuonyeshwa matope? Hata mtaro wetu unayo."

"Shikamoo, babu. Yanuse kwanza."

"Marahaba." Aliinama, akarudi nyuma upesi. "Mayai viza haya."

"Maji ya chini yakikosa hewa, tope huwa jeusi na hunuka hivi. Samaki hufa bila sumu yoyote. Hewa ikirudi, tope huwa la kahawia, na minyoo hutoboa matundu, kama hapa."

"Na mtu akitia utupa?"

"Utupa huisha majini baada ya siku chache, babu. Hauachi tabaka nene namna hii." Akaonyesha mstari mweupe katikati ya bomba. "Mchanga huu uliletwa na mafuriko ya El Niño. Babu Mwinjuma alihamia pale lini?"

"Baada ya mafuriko. Nyumba yake ya kwanza tulisimamisha nguzo pamoja."

"Tope la chini ndilo la zamani zaidi. Hebu hesabu tabaka nyeusi zilizo chini ya mchanga."

Mzee akahesabu kwa kidole, bila kugusa. Alifika nne, akaanza upya.

"Tope haliniambii kila kilichotokea siku ile," Firdausi alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kifaranga. "Linaniambia hori ilikuwa ikikosa hewa kabla Babu Mwinjuma hajaja. Babu yangu alisema hakutia kitu. Mimi namwamini."

Mzee Pazi aliketi. "Na akanyamaza miaka yote hiyo," alinong'ona. "Mkaidi yule."

Jumamosi alikuja Kisarawe amevaa kanzu iliyonyooshwa vizuri. Bibi Biubwa alimpokea mlangoni, akamshika mkono asimwachie. Lakini Pazi alisema kila kitu isipokuwa kile kilichomleta. Alisifu pilau, alisifu mihogo, akamtania shemeji yake kwamba mbuzi wake bado wamekonda. Mwinjuma alicheka tu. Firdausi, aliyekuwa akigawa maji, alimtazama Mzee Pazi, naye mzee akaona kwamba anasubiriwa. Akaweka tonge chini, akasimama mbele ya wageni wote.

"Mwinjuma hakutia utupa," alisema. "Maneno yale niliyaeneza mimi, na yalikuwa uongo. Shemeji, nisamehe."

Mwinjuma akasogea mkekani, akampa nafasi karibu naye. Kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.