Uzinduzi Uliovunjwa Mbele ya Mgeni Rasmi

Ukimaliza kusoma hii mpitishie mwenzako, hasa kama ni bosi.

Mzee Kashindye alianzisha kampuni tatu za teknolojia. Mbili zilikufa, ya tatu ikampa jina, na tangu hapo akawa mlezi wa vijana wanaoanza. Sharti lake lilikuwa moja: kwenye kikao cha kila Jumatatu ofisini, habari mbaya kwanza. Anayeanza na sifa anatolewa nje.

Siku moja yeye na vijana wake walikuwa wanazindua mfumo wa simu wa kuwaitia wajawazito gari la wagonjwa, wilaya nzima. Ngoma zinalia, wauguzi wameshakaa, mgeni rasmi yuko njiani. Nyanzobe, binti aliyeutengeneza, akamvuta Mzee nyuma ya turubai.

"Mzee, tusizindue. Nimeujaribu asubuhi hii mara kumi. Mara mbili umemjibu mama kwamba gari linakuja, na dereva hakupata taarifa yoyote."

Mzee akachungulia umati. Alikuwa ametangaza redioni wiki nzima.

"Mara mbili tu? Utarekebisha kesho."

"Leo usiku kuna mama atakuwa anasubiri gari, Mzee."

"Nyanzobe, usiniaibishe mbele za watu!"

Binti akamkazia macho. "Kumbe habari mbaya unazitaka ofisini tu?"

Neno hilo lilimchoma. Akanyanyua mkono kumfukuza, ukabaki hewani. King'ora cha mgeni rasmi kikasikika getini. Mzee aliogopa kwelikweli, kisha akaona haya, maana alichokuwa anakiogopea ni jina lake.

Mgeni rasmi alipoketi tu, Mzee akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu, mfumo wetu una kosa linaloweza kuua. Leo hatuzindui."

Ngoma zikanyamaza. Mgeni rasmi hakumaliza hata dakika tano, akaondoka na msafara wake. Mzee akajua kazi ya miaka miwili imekwenda na maji.

Ndipo Sista Skolastika, muuguzi mkuu, akamfuata.

"Mzee wangu, nikwambie kweli. Wauguzi tulishakubaliana: tuje, tupige makofi, kisha tusiutumie. Mifumo miwili imezinduliwa hapa kwa mbwembwe, yote ikatuacha na wagonjwa mikononi, na hakuna aliyetwambia lolote. Huu wenu urekebisheni, mtuletee. Tutautumia."

Funzo: Kuomba ukweli ni rahisi, mtihani ni kuupokea siku ambayo umeshavaa suti. Anayekiri kosa mapema ndiye watu humkabidhi roho zao.