Jani la Boga na Jua la Saa Sita

"Jani la boga halihukumiwi saa sita."

Bibi Namsifu alisema hivyo bila kuinua kichwa, vidole vyake vikiendelea kuvua nyuzi za majani ya maboga. Wajukuu wake wawili, Ombeni na Nakiete, walikuwa wakimsaidia kwa mikono na kumchelewesha kwa midomo. Walikuwa wakimcheka mjomba wao Zefania, aliyerudi kutoka Dar es Salaam wiki ile na begi moja lenye zipu mbovu. Jua lilikuwa limeshafika utosini naye bado amelala.

"Mjomba kaenda mjini miaka sita kusomea usingizi," Ombeni alikuwa amesema. "Sasa amerudi na digrii yake."

Ndipo Bibi alipolitoa lile neno la boga, na kicheko kikakatika.

"Bibi, boga nalo lina kesi gani?" Nakiete akauliza.

"Menyeni majani niwaambie. Methali hii ina mtu wake na ina siku yake, na ilianza hivi."

Zamani, huko juu milimani Upare, alikuwako mzee mmoja, jina lake Mgonja. Kwa bustani hakuwa na mpinzani. Kwa kuhukumu, ndiyo usiseme. Nyani wakiingia shambani, wenzake walirusha mawe. Mgonja aliwasomea mashtaka kwanza. Watu walimwita kutoka mbali aje kuzitazama bustani zao zilizodumaa. Alisimama mpakani, mikono nyuma, akatoa hukumu: hapa pamekosa samadi, pale mwenye shamba ni mvivu. Ukimwambia aingie aguse udongo, alikujibu, "Mimi shamba silipapasi. Nalitazama."

Na kwa kweli, kule juu hakukosea. Mlimani kuna ukungu na baridi; mmea ukiinama huko, ujue una kiu au una ugonjwa.

Mkewe alipofariki alimwachia kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya meko. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maboga aliyokuja nayo yule mama alipoolewa, maboga makavu na matamu ambayo ukilichemsha moja, jirani anakumbuka ghafla kwamba hajakusalimu siku nyingi. Mbegu zilizobaki hazikujaza hata kiganja. Mgonja hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, basi alikuwa akikaa na kukitazama kile kibuyu.

Mwanawe wa pekee, Kajiru, alikuwa ameteremka kuishi tambarare, maana milimani ardhi iligawanywa ikagawanywa mpaka ikawa vipande vya leso. Kabla ya mvua za vuli alipanda kumwamkia baba yake, akaziomba zile mbegu.

"Zote?" Mgonja akauliza.

"Zote, Baba. Zikikaa kibuyuni mwaka mwingine zitakufa, na mgongo wako hauinami tena. Nipe nikampandie mama."

Mgonja akazimimina katika kiganja cha mwanawe, moja moja, kama mtu anayetoa meno yake. "Kiangazi kikiingia, tandaza nyasi kavu shinani. Mwagilia alfajiri na jioni, usimwagilie jua kali. Kata ncha zisitambae ovyo. Na kila boga lilaze juu ya kigae lisioze. Nitakuja kutazama."

"Njoo, Baba. Ila ukija, ukae siku mbili tatu."

Mvua zikapita, kiangazi kikaingia. Mwezi wa pili, Mgonja akaondoka kabla ya mapambazuko, akateremka na fimbo yake na ndizi za kumpelekea mwanawe. Alifika saa sita kamili. Jua la tambarare lilimpokea kama anadaiwa. Akapita bustani za majirani, akaona majani yote yamelegea, akatikisa kichwa: kijiji kizima cha wavivu! Kisha akafika kwa Kajiru.

Majani ya maboga ya mkewe yalikuwa yamening'inia kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Mashina kumi na mawili, hakuna hata jani moja lililosimama. Na Kajiru yuko kivulini mwa kibanda chake, chali, mdomo wazi.

Mgonja akasimama mpakani, mikono nyuma. Akahisi mkewe anamfia tena.

"Kajiru!"

Kijana akakurupuka. "Baba! Shikamoo, Baba. Umetembea na jua hili? Karibu kivulini nikupe maji."

"Maji? Kumbe yapo? Nilidhani mto umekauka."

Kajiru akatazama kule baba yake alikokuwa akitazama, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililoharibu. "Aa, hayo? Kaa kwanza, Baba. Jua likishuka utaona."

"Nitaona nini zaidi? Mbegu za mama yako zinakufa, na wewe umejilaza kama bwana harusi!"

"Baba, tia mkono tu pale shinani..."

"Mimi shamba silipapasi! Afadhali mbegu hizi ningewarithisha nyani. Nyani angalau huamka."

Mgonja akachukua panga lililokuwa ukutani, akaingia bustanini, akakata shina moja baada ya jingine. Hakutaka mbegu za mkewe zife kidogo kidogo mikononi mwa mvivu. Bora zife mara moja. Viboga vibichi vikabiringika. Kila shina lilipokatika liliulowesha mkono wake, naye akadhani ni jasho lake.

Kajiru hakumzuia. Mtoto gani atamshika baba yake mkono wenye panga? Aliingia ndani, akavaa shati, akafunga nguo zake katika shuka. Akaja akaweka kata ya maji miguuni pa baba yake.

"Maji hayo, Baba. Umehukumu saa sita."

Akashika njia ya barabara kuu. Mgonja hakumwita. Alisema moyoni, aende, njaa itamrudisha.

Akakaa kivulini angoje jua lipoe ndipo apande mlima. Usingizi ukampitia, huyo aliyemtukana mwenzake kwa kulala. Alipoamka kivuli kilikuwa kirefu, na mwanamke wa bustani ya pili, Mama Nakunda, alikuwa amesimama mbele yake na ndoo.

"Shikamoo, mzee. Ee Mungu wangu! Ng'ombe wa nani wameingia humu?" Akainama, akaokota shina. "Mbona hii ni ya panga?"

Macho ya Mgonja yalikuwa yamevuka kwenda bustani ya yule mama. Majani yaliyokuwa yamekufa saa sita yalikuwa yamesimama wima, mapana, kana kwamba yameitwa majina.

"Hayo ya kwako," akasema polepole. "Mchana yalikuwa yamekufa."

"Yamekufa? Mzee, huku kwetu saa sita kila jani huinama. Hata mimi huinama. Jua likipoa tunainuka sote."

Mgonja akageuka. Nyuma ya kichuguu, mahali ambapo panga lake halikufika, shina la kumi na mbili lilikuwa limeinua majani yake. Akaliendea, akapiga magoti, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika shamba la mtu: akapenyeza kidole chini ya nyasi. Udongo ulikuwa wa baridi, umelowa. Ncha zilikuwa zimekatwa vizuri. Na kiboga kilicholingana na ngumi kilikuwa kimelazwa juu ya kigae.

"Mwanao huyo," Mama Nakunda akasema, "kabla jogoo hajawika namsikia anapita na madebe mawili begani. Safari kumi, alfajiri. Safari kumi, jioni. Kama hatalala saa sita, alale lini?"

Mgonja alikimbia. Mzee aliyekuwa hainami alikimbia mpaka barabarani. Akaambiwa lori la wabeba mkonge limepita saa tisa, na kijana mwenye mzigo wa shuka amepanda.

Wengine walisema Kajiru yuko Tanga, wengine Mombasa. Mgonja hakurudi mlimani. Alikaa katika kile kibanda, akabeba yale madebe kwa bega lake la kizee, alfajiri na jioni. Shina lile moja likampa maboga manne. Mbegu zake aliwagawia watu, akabakiza kibuyu kimoja, akakitundika mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kila saa sita alikaa karibu na majani yaliyoinama, akayatazama. Watu wenye ugomvi walipomjia awahukumie, aliwajibu kwa neno lilelile la jani la boga. Kibuyu kilikuwa bado kimening'inia mlangoni siku walipombeba kumzika.

Bibi akakung'uta nyuzi mapajani.

"Kajiru hakurudi kabisa?" Nakiete akauliza.

"Hakurudi."

Mlango wa chumba ukalia. Mjomba Zefania akatoka, alama za mkeka zikiwa zimemchora shavu zima, kama ramani. Akasimama, akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayesubiri kuchekwa. Ombeni alikuwa na mzaha tayari kwenye ncha ya ulimi, na ulikuwa mzaha mzuri. Akaumeza.

"Shikamoo, mjomba," akasema, akasogea mkekani kumpa nafasi. "Karibu. Mboga bado kidogo."

Zefania akaketi. Akachukua jani moja, akaanza kulivua nyuzi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Bibi akafunua chungu, akasema kama anayesema na mvuke:

"Jani la boga halihukumiwi saa sita."