Hina Mbichi

Chausiku, mpiga picha za harusi, aliomba ruhusa ya bibi harusi mmoja, akaiweka picha ya mikono yake yenye hina kwenye hifadhi ya wote mtandaoni. Sharti lilikuwa moja: atakayeitumia aandike jina la mpigaji. Bwana Mbwera, mwenye hoteli, akaitia kwenye bango lake na kuandika jina lake mwenyewe. Kisha akamburuta Chausiku kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shekue, ili alazimishwe kuifuta kule mtandaoni.

"Niliipiga kwa mkono wangu huu!" Mbwera alifoka.

"Hukumtuma mtu?" Chausiku aliuliza kwa upole.

"Nimtume nani?"

"Na hina ilikuwa imeshakauka?"

"Mbichi kabisa, ndiyo kwanza inapakwa! Huoni inavyong'aa?"

"Basi Mzee, mimi sina la kusema. Itazame tu ile pete kidoleni hapo pichani, halafu uamue."

Mzee Shekue akavaa miwani. Pete ilikuwa ya marehemu mama yake, na siku ya hina aliivaa binti yake.

"Mbwera," alisema akiinuka, "siku ile chumbani kwa mwanangu walikuwamo wanawake peke yao. Wewe uliingilia wapi?"

"Picha ni ya Chausiku!" Mbwera alipiga kelele, mguu mmoja umeshatoka nje.

"Ahsante, Bwana," Chausiku alisema. "Kaandike hivyo hivyo kwenye bango."